Glasi ya Mwenye Pombe

Sebuleni kwa mzee Ndalahwa, kule Igogo, juu ya kabati, kati ya redio iliyokwisha kunyamaza na picha ya marehemu mke wake Evelina, palikuwa na glasi moja iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyeinywea maji. Wajukuu walikatazwa kuigusa kabla hawajajua kusema. Kila Jumamosi mzee aliitoa, akaiosha kwa mkono wake mwenyewe, akaipangusa, akairudisha. Binti yake Rebeka, muuguzi, alikwisha kuchoka kuwaeleza wageni. Alikuwa akisema tu, "Hiyo ni ya kazini kwa baba," na wageni waliridhika, kwa sababu siku hizi watu huridhika upesi na jibu lolote, mradi liwarudishe kwenye simu zao.

Lakini haikuwa ya kazini. Ilikuwa mzigo, na Jumanne moja mzigo huo ulimshinda.

Siku hiyo simu ilipigwa kutoka Busisi, ng'ambo ya maji. Luhende, mtoto wa dada yake Evelina, alikuwa amekutwa majini penye gati la zamani la kivuko. Miaka ishirini Luhende aliuza mayai ya kuchemsha na karanga kwenye foleni ya magari yaliyosubiri kuvuka. Foleni ile ilikuwa soko, baraza, na mahali pa kupata mchumba. Sasa daraja limefunguliwa, magari yanapita juu yakipiga upepo, na hakuna dereva anayesimama katikati ya daraja kununua yai. Luhende alikaa kwenye gati tupu na ndoo yake, siku ya kwanza, wiki ya kwanza. Kisha akaanza kukaa grosari. Alikuwa akinywa bia ya Korongo tangu asubuhi. Usiku wa Jumatatu alitoka kwenda kuliangalia gati lake, hakurudi.

"Tutazika Jumamosi," alisema mjane wake, Ng'washi, kwenye simu. "Tunamsubiri kaka yake anatoka Mpanda. Baba, utakuja?"

"Nitakuja, mama," Ndalahwa alijibu. Alipokata simu aliitazama glasi, akajua kwamba hawezi kwenda nayo kichwani namna ile. Alikuwa na siku tatu za kumtafuta mwenye pombe.

Ili mtu aelewe jambo hili, inabidi arudi nyuma, kwenye kijiji kimoja cha Magu, wakati pombe ilikuwa bado na mwenyewe.

Baba yake Ndalahwa alikuwa mtu wa pombe ya mtama. Pombe ilipoiva, wageni walikaa kwenye vigoda, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee alichota kwa kata, akanywa yeye kwanza, mbele ya macho ya wote. Huko ndiko kutoa uchawi. Mgeni aliona kwamba hakuna sumu, hakuna kinyongo. Lakini palikuwa na jambo la pili, ambalo vijana wa leo hawalijui hata kwa kusikia. Aliyeonja kwanza amejifunga. Mgeni akianguka njiani, akimpiga mkewe, akichomwa mkuki kwa maneno ya kilevi, watu walimwendea aliyeonja kwanza. Alikuwa hana pa kukimbilia. Alikwenda kwa waliofikwa, akakaa chini, akasemwa. Ndalahwa akiwa mtoto alimwona baba yake akisemwa na mwanamke mmoja tangu alasiri hadi ng'ombe waliporudi zizini, naye hakuinua uso. Kisha mwanamke yule akachoka, akaenda zake, na wiki ile ile walisalimiana kisimani. Ndivyo mambo yalivyokwisha wakati ule. Hapakuwa na kesi wala wakili.

Ndalahwa alikuja Mwanza mjini, akapata kazi katika Kampuni ya Taifa ya Bia, ambayo watu waliiita Bia Taifa tu. Jambo la kwanza alilouliza lilikuwa hilo hilo.

"Mwenye pombe hii nani?"

Ofisa utumishi, bwana mmoja wa suti ya Kaunda, alicheka hadi kalamu ikamwanguka. "Ndugu Ndalahwa, mwenyewe ni wewe! Ni mali ya umma. Ni ya mkulima na mfanyakazi."

"Sasa nani anaonja kwanza?"

"Maabara," alisema ofisa, akamwonyesha mlango.

Jibu hilo halikumkaa moyoni, lakini kazi ilikuwa kazi. Walimweka kwenye taa. Chupa zilizokwisha kujazwa zilipita moja moja kwenye mkanda, mbele ya kioo cheupe chenye taa nyuma yake, na mtu alikaa kwenye stuli akizitazama. Akiona kizibo kimeelea ndani, au mende, au kipande cha sigara, anaitoa. Dakika ishirini, kisha anakuja mwingine, kwa sababu baada ya dakika ishirini macho huanza kuona chupa hata pasipo na chupa. Ndalahwa aliwahi kuzikagua ukutani kwake usiku mzima akiwa na homa. Evelina alimsikia akisema, "Toa hiyo, toa hiyo."

Leo kazi ile inafanywa na kamera. Inasemekana kamera haikosei. Pengine. Lakini kamera haikuwahi kumjua mnywaji. Ndalahwa kila alipoitoa chupa mbaya alifikiria koo fulani ambalo limeokoka, la fundi wa Mkuyuni au la dereva wa Nyegezi, na alikwenda nyumbani akiwa na furaha kidogo ambayo hakuna aliyemlipa.

Na yeye alikuwa mtu wa kutaka kujua. Kwenye chumba cha chai kulikuwa na magazeti ya zamani, naye aliyasoma yote, hata yaliyofungia maandazi. Hivyo ndivyo alivyoipata historia ya kampuni, kipande hapa kipande pale. Kwanza ilianzishwa na mlowezi wa kahawa aliyechoshwa na kahawa. Mlowezi akawauzia wenzake. Wenzake wakaungana na watu wa Nairobi. Serikali ikaja, ikachukua, ikapaka jina la taifa juu ya lango. Miaka ya dhiki ikafuata, sukari hakuna, vizibo hakuna, kreti moja kwa kibali cha ofisi tatu, na mtu asiye na chupa tupu za kurudisha hapati zilizojaa hata akilia. Ndipo upepo ukageuka, wakaja wawekezaji.

Siku waliyozindua mtambo mpya, walipiga turubai, wakaleta bendi. Chupa ya kwanza ya Korongo mpya ilitoka ikifuka ubaridi. Mkurugenzi wa wawekezaji, mzungu mrefu mwenye nyusi nyeupe, akaimimina kwenye glasi, kisha akauliza kwa mkalimani, "Nani kati yenu amefanya kazi hapa muda mrefu zaidi?"

Wenzake wakamsukuma Ndalahwa mbele. "Nenda, mzee wa taa! Nenda ukapigwe picha!"

Mzungu akampa glasi. Ndalahwa akaipokea kwa mikono miwili, akamtazama yule mzungu, akasubiri. Mzungu akatabasamu. Wapiga picha wakasema, "Kunywa, mzee, kunywa!" Akanywa. Watu wakapiga makofi. Na hapo tu, baada yake, mzungu naye akachukua glasi nyingine akanywa. Wakuu wote wakanywa, meza kwa meza.

Bendi ikapiga. Ndalahwa alisimama na ile glasi tupu, asijue amrudishie nani. Mtu mwingine yeyote angeona amepewa heshima. Yeye aliona kwamba kreti zote zitakazotoka kwenye lango lile, kwa macho ya watu zaidi ya mia tatu, amezionja yeye kwanza.

Jioni alimweleza Evelina. Evelina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Wewe! Mwenye Bia Taifa nzima! Hata kigoda cha kukalia hatuna!" Kisha cheko likakatika. Evelina naye alikuwa wa Magu. Akachokoa moto. "Walikuona wengi?"

"Wote."

"Basi utajibu," alisema, na tangu siku hiyo hakulicheka tena.

Akajibu. Miaka thelathini. Akisikia kwamba mtu kaanguka na pikipiki akitoka baa, alikwenda. Akisikia mke kapigwa, alikwenda, akaketi penye watu, akasubiri asemwe. Hakuna aliyemsema. Walimpa chai. "Mzee huyu ana moyo wa huruma," walisema, na yeye alirudi nyumbani na mzigo wake mzima, haujapungua hata chembe. Na kwenye harusi, Korongo ilipoletwa, alisimama akaomba aonje kabla ya wengine.

"Jamani, mleteeni mzee huyu, atatufia na kiu!" wahuni walipiga kelele. Wakampa jina la Ndalahwa wa Kwanza. Wanamwita hivyo hadi leo.

Hayo aliyabeba. Lakini Luhende alikuwa mtoto wake kwa upande wa mke. Jumamosi, kwenye msiba ule, Ndalahwa ni mfiwa. Na mfiwa ana haki ya kumkasirikia mwenye pombe, ana wajibu hasa. Sasa atamkasirikia nani, wakati mwenye pombe ni yeye? Alilala na swali hilo, akaamka nalo. Jumatano asubuhi alifunga glasi kwenye gazeti, akaitia kwenye mfuko, akaenda kiwandani.

Langoni mlinzi alimpa kifaa. "Puliza hapa, mzee."

"Nini hiki?"

"Kipima ulevi. Haingii mtu aliyekunywa."

"Kwenye kiwanda cha bia?"

"Ndiyo utaratibu, mzee wangu. Puliza."

Akapuliza. Zamani langoni hapo kila mfanyakazi aliondoka Ijumaa na chupa zake mbili, na hakuna aliyepuliza chochote isipokuwa tarumbeta ya timu ya kiwanda.

Alipokelewa na kijana mmoja wa ofisi ya uhusiano, Josephat, mwenye fulana ya kampuni na adabu nzuri. "Shikamoo babu. Karibu sana. Wewe ni katika wazee wetu."

"Marahaba. Nimekuja kurudisha glasi. Nataka kumwona mwenyewe."

"Meneja yuko safarini."

"Sikusema meneja. Mwenyewe. Mwenye bia."

Josephat akakaa vizuri. Alikuwa na moyo mwema, akaanza kueleza kama mwalimu. "Babu, mwenye bia ni kampuni."

"Kampuni ni nani?"

"Sehemu kubwa ya kampuni ni ya kampuni nyingine, iko nje."

"Na hiyo ya nani?"

"Ile ilinunuliwa na nyingine kubwa zaidi. Na ile kubwa ikaja ikanunuliwa na nyingine tena, ndiyo kubwa kuliko zote."

"Inakaa wapi?"

Josephat alifikiri. "Kwa kweli, babu... kila mahali."

"Ina mdomo?"

"Mdomo?"

"Wa kuonjea."

Kijana akacheka, lakini alipomwona mzee hacheki, akaacha. Ndalahwa akaifungua glasi, akaiweka mezani kati yao. "Basi wewe uko hapa kwa niaba yao. Agiza Korongo moja. Onja kwanza, mimi nikuone, nikuachie glasi, niende nikazike."

"Babu, nikinywa hapa nafukuzwa kazi leo leo. Kuna kamera." Akaonyesha juu. Jicho la kamera liliwatazama wote wawili, kama taa ya zamani ilivyozitazama chupa.

Ndalahwa akaanza kuifunga glasi. Josephat akamwonea huruma. "Sikiliza. Serikali ina sehemu yake. Na wapo wananchi wa kawaida walionunua hisa zamani, zilipouzwa."

"Nitajie mmoja. Mwenye mdomo."

"Majina siruhusiwi kutoa."

"Sawa."

"Ila," Josephat akashusha sauti, "mtu akijitangaza mwenyewe si siri. Kuna Mhindi mmoja wa vipuri vya baiskeli, mjini, karibu na soko kuu. Bwana Jitesh. Kila mwaka anakuja hapa na barua ya mkutano wa wanahisa, anauliza kwa nini mkutano haufanyiki Mwanza."

Alhamisi Ndalahwa alikuwa dukani kwa Jitesh. Lilikuwa duka la namna inayokwisha mjini, refu na jembamba, minyororo ikining'inia kama nyama, matairi darini, na kabati la kioo lenye kengele za baiskeli zilizopangwa kwa ukubwa. Jitesh mwenyewe, mtu wa karibu miaka sitini, alikuwa akihesabu spoku kwa kuzigonga mezani.

"Mwadila, mzee!" alisema kwa Kisukuma, maana alizaliwa mtaa wa nyuma. "Shikamoo. Tairi au mnyororo?"

"Marahaba. Wewe ndiwe mwenye Bia Taifa?"

Spoku zilitawanyika. Jitesh alitazama kwanza nyuma ya duka, kwenye pazia, kisha akashusha sauti. "Nani kakwambia? Mama yuko ndani."

"Kwani mama hajui?"

"Mama ndiye aliyenunua!" Akamvuta mzee kwenye benchi, akaagiza chai. Mama yake, Bachubai, kwa dini yake hajawahi kula hata kitunguu, wala bia haijawahi kuvuka mlango wake. Lakini zamani, hisa zilipotangazwa redioni, alimwita mwanawe akamwambia: watu wa mji huu wanaweza kuacha baiskeli wakapanda magari, lakini hutawaona wakiacha kunywa. Akanunua hisa mia nane kwa jina la Jitesh, akamwapisha asiseme kwa watu wa hekaluni. "Mpaka leo gawio likija anageuka upande, ananiambia ni pesa za kengele."

Ndalahwa hakucheka. Alimweleza yote, tangu kata ya baba yake hadi glasi, tangu glasi hadi gati la Busisi. Chai ikapoa. Wateja wawili walikuja, Jitesh akawaambia warudi baadaye, jambo ambalo haliwi dukani mle.

"Kwa hiyo unataka nionje," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Mzee, mimi sinywi. Sijawahi, hata ladha yake siijui. Nikionja, nitakuwa nimewadanganya wewe na mama kwa kijiko kimoja."

"Najua watu wenu. Lakini wewe ndiye pekee niliyempata mwenye uso."

Jitesh alichukua kijiko cha chai, akakizungusha. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hupima. "Hisa za kampuni ile ni mamilioni mengi. Zangu ni mia nane. Ukinipa lawama yote, utakuwa umenionea. Sehemu yangu ni hii." Akainua kijiko. "Hata haijai."

"Hiyo hiyo," alisema Ndalahwa upesi, kama mtu anayeogopa mwenzake atabadili nia. "Miaka thelathini hakuna aliyekubali hata hicho kijiko."

"Nikikubali, nifanye nini?"

"Twende Busisi Jumamosi. Ukae. Useme wewe ni nani. Wakikusema, usijibu."

Jitesh aliutazama mfuko wenye glasi, akalitazama pazia. "Jumamosi napokea mzigo kutoka Dar," alisema.

Ndalahwa akanyanyuka, akachukua mfuko wake. "Nitasimama barabarani Igogo saa mbili asubuhi. Saa tatu nitapanda gari jingine."

Jumamosi alisimama, mfuko wenye glasi mkononi. Alivaa koti la kiwandani lenye nembo iliyofifia, maana alikuwa hajui avae nini, mfiwa au mwenye pombe. Saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu ikapita. Aliyaangalia magari kama alivyoziangalia chupa, moja moja, na kila lililopita bila kusimama alilitoa moyoni. Saa tatu kasoro dakika tano alikwisha kuinua mkono kusimamisha basi, ndipo pikapu nyeupe yenye matairi ya baiskeli nyuma ikamkatia mbele.

"Samahani," alisema Jitesh, akifungua mlango. "Ilibidi nimweleze mama."

"Akasemaje?"

"Akasema nivae viatu vyeusi."

Walivuka daraja kwa dakika chache tu. Zamani safari ile ilikula nusu ya siku, na katika nusu ya siku hiyo mtu angejua majina ya watoto wa mwenzake, angekula mayai ya Luhende yenye kachumbari, angesikia habari za Geita na Sengerema. Ndalahwa alitazama chini. Gati la zamani lilionekana dogo, jeusi, kama jino lililobaki.

Msibani watu walikuwa wengi chini ya turubai. Jitesh alipoteremka, minong'ono ikaanza.

"Huyo Mhindi kafuata mabondo," mtu mmoja alisema. Ndiye Chenge, mvuvi, jirani wa marehemu, aliyezoea wanunuzi wa mjini wanaofuata vibofu hivyo vya samaki. "Bwana, leo hapa hatuuzi mabondo ya sangara. Tuna msiba."

"Najua," alisema Jitesh. Akavua viatu vyake vyeusi, ingawa hapakuwa na haja, akaenda kukaa chini kwenye mkeka mbele ya Ng'washi. Ndalahwa akaketi nyuma yake, upande wa wafiwa.

"Pole, mama," Jitesh akaanza. "Mimi naitwa Jitesh. Nimekuja kwa sababu... mimi ni mmoja wa wenye ile bia. Korongo. Sehemu yangu ni ndogo sana. Lakini ni yangu."

Hata wapishi waliacha kugonga miiko.

Ng'washi alikuwa amelia siku nne hadi uso umevimba. Alimtazama mtu yule kama anayetazama kitu kilichotoka majini. "Kumbe mna sura," alisema polepole.

Kisha akasimama. Alimsema. Alimsema juu ya asubuhi alizomsubiri mumewe na uji ukaganda. Alimsema juu ya ndoo ya mayai iliyouzwa, juu ya mtoto aliyetumwa grosari kumvuta baba yake kwa shati, juu ya picha kubwa ya Korongo iliyowekwa barabarani, yenye vijana wanaocheka, "wanacheka nini? Niambie, wanacheka nini?" Alimsema hata juu ya daraja, ambalo Jitesh hana hisa nalo. Chenge alitaka kumzuia, "Shemeji, mgeni huyo," lakini Ndalahwa akamshika mkono. "Mwache," alisema. "Anafanya kazi yake. Na mgeni naye anafanya yake."

Jitesh hakujibu. Mara moja tu aliinua uso, akaushusha.

Na Ndalahwa, nyuma yake, alishangaa kujikuta analia. Hakuwa amelia kwa ajili ya Luhende tangu Jumanne, alikuwa hana nafasi. Sasa alimkumbuka kijana akivunja ganda la yai kwa kidole gumba, mara moja tu, bila kuharibu weupe wake. Alilia kwa sauti, kama baba wa marehemu, na wanaume wakamsogelea wakamshika mabega.

Ng'washi alipochoka alikaa. Baada ya muda akamwambia dada yake, "Mletee huyo mtu chai. Usitie maziwa, hawa wengine hawanywi maziwa ya kwa watu." Wakazika saa tisa. Jitesh alitupa udongo kwa koleo, kidogo, kama kijiko.

Wakati wa kurudi, jua likiwa bado juu, Ndalahwa alimwomba asimame Kigongo, upande wa pili wa daraja, kwenye grosari moja ya mabati iliyobaki pale kutoka enzi za foleni. Mwenyewe, mama mmoja mnene, aliwaambia kwamba wao ndio wateja wake wa kwanza tangu asubuhi. Ndalahwa akaagiza Korongo moja na soda moja. Akaifungua glasi kutoka kwenye gazeti, akaiweka katikati. Mama akamimina bia.

Povu likapanda, likashuka. Ndalahwa hakunyoosha mkono.

"Kunywa, mzee," alisema Jitesh. "Inapata joto."

"Siwezi. Mimi ni mgeni."

Jitesh akaelewa. Alitazama huku na huku, kana kwamba Bachubai anaweza kutokea nyuma ya kreti. Akaichukua glasi kwa mikono miwili, akaisogeza usoni, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Akakunja pua. Akakaa nayo hivyo kitambo, akiifikiria kwa dhati, kama anavyofikiria mnyororo unaolia bila sababu.

"Inanuka kama mkate uliosahauliwa kwenye gunia," alisema. "Lakini sioni kibaya ndani yake. Nikikosea, njoo dukani."

Akampa.

"Ukimaliza," aliongeza, "hiyo glasi naondoka nayo. Nitaiweka kabatini, kwenye kengele kubwa."

Ndalahwa aliinua glasi, akaitazama kwanza kwenye mwanga wa mlangoni, kwa mazoea, kama kuna kitu kinaelea. Hapakuwa na kitu. Mama wa grosari aliuliza kama alete na karanga, naye akasema alete. Kisha akanywa taratibu, bila haraka ya kwenda popote, kama mtu aliyealikwa.